Yoti inaingiza maji ikilalia kulia tu, fundi anasema ninunue bilji pampu (pampu ya kutoa maji chomboni) kubwa. Wadau mnasemaje?

MpigaBisho #1
Salaam wakuu. Nina yoti ya faiba futi 32, ya miaka ya 80, niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, imefungwa boya pale ghuba ya Msasani. Ikikaa kwenye boya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) kavu kabisa. Nikienda Unguja msimu huu kusi (upepo wa kusini) iko mgongoni, kavu. Kazi ni kurudi, upepo unanijia mbele kushoto, chombo kinalalia kulia, nikifika nusu ya njia mbao za sakafuni zimeshaanza kucheza na bilji pampu inawaka inazima inawaka inazima mpaka betri inachoka. Pampu imeandikwa 1100 GPH, yaani galoni kwa saa. Fundi wangu anasema hiyo ya kuchezea watoto, toa weka 3700 mambo yaishe. Muuza duka alishaniambia 1100 inatosha futi 32 na chenji inabaki. Nani mkweli hapo? Na swali la pili, bomba la chini ya maji likikatika kabisa nikiwa katikati ya mkondo, hiyo 3700 itaniokoa au naongeza kelele tu?

Kijana_wa_Kunduchi #2
Uza ununue bodaboda mkuu, ile ikilalia kulia huingizi maji.

HesabuZaMaji #3
Naanza na swali la pili maana ndilo lina jibu. Maji yanaingia kwa kasi inayotegemea tundu liko chini kiasi gani, hayaangalii chombo chako ni futi ngapi, kwa hiyo ile kauli ya muuza duka ya "inatosha futi 32" haina maana yoyote. Chukua tundu la milimita 38, ndiyo saizi ya kawaida ya bomba la choo au la sinki, liwe sentimita 60 chini ya uso wa maji. Maji yanaingia kwa mita 3.4 kwa sekunde, zidisha kwa eneo la tundu unapata kama lita 230 kwa dakika. Pampu yako ya 1100 kwenye boksi ni lita 69 kwa dakika. Yaani hata ingefanya kazi kama ilivyoandikwa bado unabaki na lita 160 kila dakika zinaingia ndani kwako. Dakika sita na chenji, tani moja.

Halafu angalia hapa, tundu likiwa na kipenyo mara mbili maji yanaingia mara nne, lakini tundu likiwa kwenye kina mara mbili maji yanaongezeka kama asilimia 40 tu. Kwa hiyo ukubwa wa tundu ndio wa kuogopwa zaidi.

Mzamivu_Mstaafu #4
#3 hesabu nzuri ila umesahau kwamba maji yakipita kwenye tundu yanajikunja, hayajazi tundu lote. Ukweli ni kama 0.6 ya hiyo namba. Kwa hiyo siyo 230, ni 140. Bado anazama lakini anazama kistaarabu.

HesabuZaMaji #5
0.6 ni tundu lenye ukingo mkali kwenye ubao mwembamba. Kwake mpira ukichomoka inabaki ile shingo ya bomba, hiyo ni neli fupi, chukua 0.8. Inakuja kama 185. Tukubaliane kati ya 140 na 185, hakuna atakayekuwa ameshika kikombe cha kupimia siku hiyo.

Galoni_Tano #6
Wakuu mbona 1100 GPH mnasema lita 69? Galoni ni lita nne na nusu, mara 1100 gawa kwa 60 ni lita 83. Mnampunja jamaa.

HesabuZaMaji #7
Galoni ya Kiingereza ndiyo 4.546. Hizi pampu nyingi zimeandikwa galoni ya Kimarekani, 3.785.

Kijana_wa_Kunduchi #8
Mtaani kwetu galoni ni dumu la mafuta ya kula. Hiyo inaingia wapi kwenye fomula?

FundiWaya #9
Acheni kwanza magaloni, hebu nimjibu kuhusu fundi wake maana mimi ndiyo kazi yangu, nafunga umeme wa boti za uvuvi na za watalii. Hiyo namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa mezani, haina mpira, hainyanyui maji hata sentimita moja, na umeme ni volti 13.6 yaani injini inachaji. Wewe pampu iko chini kabisa, mpira unapanda mita na kitu mpaka juu, unakata kona mbili tatu, betri iko kwenye 12.2 maana umezima injini unapiga tanga. Ukipata nusu mpaka theluthi mbili ya kilichoandikwa shukuru Mungu. Na kama mpira ni ule wenye mikunjo mikunjo ndani kama wa mashine ya kufulia, punguza tena, maji yanakwaruza kila mkunjo. Tumia mpira laini ndani.

Sasa anataka 3700. Ile 1100 inakula kama ampea 4. 3700 inakula 15. Waya za yoti nyingi za zamani nilizofungua ni milimita moja na nusu za mraba, kutoka betri mpaka pampu mita 6 kwenda, 6 kurudi. Kwa ampea 4 unapoteza nusu volti, sawa. Kwa ampea 15 unapoteza volti mbili! Pampu ya volti 12 inapewa 10 inazunguka kwa uchovu. Umelipa hela ya 3700 unapata labda kazi ya 2000. Akitaka hiyo kubwa lazima waya ya milimita 6 na fyuzi yake, na mpira wa inchi moja na nusu, na tundu jipya la kutokea. Fundi aliyesema toa weka bila kugusa waya hajui au anajua anachofanya.

Na betri. Ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 unatumia nusu tu kama unaipenda. Kwa ampea 15 ni masaa matatu na robo. Kwa 4 ni masaa 12.

MpigaBisho #10
Asante mkuu #9. Waya sijapima ila ni nyembamba, zile za rangi ya kahawia na bluu. Mpira wa mikunjo ndiyo huo huo.

Bajuni_Halisi #11
Assalaam aleikum. Nyie vijana mumeingia kwa namba mapema. Kwetu Lamu jahazi likishushwa majini jipya au limekaa sana pwani juani, lazima linywe maji siku za mwanzo, mbao zikishiba zinabana zenyewe na kalfati (pamba ya kuziba mishono) inakaza. Kazi ya kufua maji ni ya baharia, ina zamu yake kama zamu ya usukani, na chombo chake ni dumu la lita tano limekatwa ubavu, mpini umeachwa hapo hapo juu, mdomo umechongwa na kisu upate kuingia katikati ya mataruma (mbavu za chombo). Halizibi halikatiki waya. Wazee wetu wa mitepe (vyombo vya tanga vya kale) ndiyo usiseme, ile ilikuwa imeshonwa kwa kamba za makumbi haina msumari hata mmoja, kufua maji ilikuwa kazi ya usiku na mchana. Pale Zanzibar Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) kulikuwa na mtepe ulioundwa upya, sijui hali yake tangu jengo lilipoporomoka Desemba 2020.

Ninachokusudia, maji kuingia si ajabu. Ajabu ni yaingie upande mmoja tu. Huyo ndugu anaulizwa maswali ya pampu kabla ya kuulizwa maji ni ya wapi.

Binti_wa_Nungwi #12
Nakubaliana na mzee #11. Mleta uzi, umeyaonja?

MpigaBisho #13
Nimeonja. Chumvi, na kuna harufu ya dizeli.

Kijana_wa_Kunduchi #14
Jamaa anakunywa ngama, hii JamiiForums imefika mbali.

Binti_wa_Nungwi #15
Basi mimi naweka hela yangu kwenye tundu la kutolea la hiyo hiyo bilji pampu. Liko upande gani?

MpigaBisho #16
Kulia, nyuma, karibu na tezi. Kama kiganja kimoja juu ya mstari wa maji.

Binti_wa_Nungwi #17
Haya. Chombo kikilalia kulia hilo tundu linazama. Pampu inawaka, inajaza mpira wote maji, inazima. Mpira umejaa, mdomo wa nje uko chini ya bahari, na mdomo wa ndani uko kwenye ngama chini zaidi. Umeshaona mtu ananyonya petroli kwenye gari kwa mpira? Ndiyo hiyo, bahari inanyonywa kuingia kwako kupitia pampu yako mwenyewe, maana hizi pampu za kuzungusha zikizimwa ziko wazi hazifungi kitu. Halafu floti (swichi inayoelea, ndiyo inawasha pampu) inapanda, pampu inawaka tena, inatoa, inazima, inarudi. Umesema inawaka inazima inawaka inazima. Ukiweka 3700 na mpira mnene utaingiza mara mbili zaidi.

Dawa ni mpira upande juu mpaka chini ya deki karibu na katikati ya chombo, upige kona hapo uwe na tundu dogo la kuingiza hewa juu kabisa, ndipo ushuke kutokea. Na tundu la nje lipandishwe mpaka lisizame hata ukilala mpaka ukingoni.

Mzamivu_Mstaafu #18
Au weka valvu ya njia moja, elfu chache tu.

FundiWaya #19
#18 hapana hapana hapana. Valvu ya njia moja kwenye bilji pampu nimezitoa nyingi kuliko nilizofunga. Kipande cha uzi au gamba la rangi kikikaa pale haifungi, siku nyingine haifunguki. Na juu yake kunakuwa na maji yote ya mpira yanaibana, chini yake kuna hewa, pampu ya kuzungusha haiwezi kusukuma hewa ikafungua mlango unaobanwa na maji. Inanguruma tu. Mtu anasikia inanguruma anajua kazi inaendelea.

Mzamivu_Mstaafu #20
Sasa ile kuwaka na kuzima haina maana ya #17 peke yake. Hata maji yasipotoka baharini, yale ya kwenye mpira yanarudi pampu ikizima. Mpira wa inchi moja na nusu wa mita nne unabeba lita nne na nusu. Huo wake mwembamba ni kama mbili na nusu. Ngama ya yoti ni nyembamba chini kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), lita mbili na nusu zinatosha kunyanyua floti. Inaweza kuwa inazungusha maji yale yale masaa yote huku inamaliza betri. Floti ipandishwe kidogo.

Nahodha_Muscat #21
Habari za huko nyumbani. Mimi niko Oman, kuna yoti za watu natunza. Mnamwacha mshukiwa mkubwa, choo. Yoti nyingine choo kiko kulia mbele, bakuli likishuka chini ya mstari wa maji chombo kikilala na valvu ikawa haikufungwa, choo kinajaa taratibu kinamwaga sakafuni. Unakikuta kimya. Mleta uzi, choo chako kiko upande gani na unafunga valvu ukianza safari?

MpigaBisho #22
Choo kiko kushoto. Kulia kuna sinki la jikoni.

Nahodha_Muscat #23
Sinki basi! Lina bomba lake la kutokea chini, chombo kikilala sinki linashuka karibu na usawa wa bahari, na wimbi likigonga linapanda linamwaga. Funga valvu ya sinki safari nzima uone.

Deki_Chafu #24
Mbona hamsemi mshono wa deki na bodi (mwili wa chombo)? Yoti za miaka ya 80 deki na bodi zimeunganishwa kwa boliti na gundi, gundi imekauka zamani. Kwenye boya ule mshono hauoni maji kabisa. Ukilala mpaka ukingo unaoga, maji yanaingia kila boliti, yanateremka nyuma ya makabati hakuna anayeona, yanatokea ngamani. Hii ndiyo inaeleza kwa nini ni upande mmoja.

Binti_wa_Nungwi #25
#24 upande mmoja tu kwa sababu hajawahi kulalia kushoto masaa manne. Ndiyo msimu. Akisubiri kaskazi akaenda Unguja upepo ukiwa mbele kulia tutajua.

MpigaBisho #26
Mkuu kaskazi ni Desemba, betri yangu haina subira hiyo.

Toronto_Mswahili #27
Natoka pembeni kidogo ya mada ila inahusu. Mnakumbuka Cheeki Rafiki, yoti ya futi 40 ya Uingereza iliyopotea Mei 2014 katikati ya Atlantiki ikitoka Antigua? Waliripoti maji yanaingia, hawakujua yanatokea wapi. Ilipiga kontena lililokuwa linaelea wakafa wote wanne. Pampu haingesaidia chochote.

Mzamivu_Mstaafu #28
Kontena hapana. Ripoti ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza inasema mkuku ulichomoka, chombo kikapinduka. Walieleza pia kwamba kwa kuwa hakukuwa na manusura wala chombo chenyewe, sababu kamili imebaki ya kukisia, lakini walitaja kwamba kukwama chini mara za nyuma na matengenezo yaliyofuata huenda vililegeza pale mkuku unaposhikana na bodi. Uliyosema sawa ni kwamba maji yalitangulia. Kwa hiyo mleta uzi, boliti za mkuku zako zikoje? Chombo kikilala tani kadhaa za mkuku zinavuta upande mmoja wa boliti, kama kuna ufa unafunguka. Kikisimama unafunga. Ngama kavu kwenye boya, maji ukilala. Inafanana kabisa na dalili zako.

MpigaBisho #29
Wewe sasa unanitisha. Yule mzungu aliwahi kuniambia ilipanda mwamba "kidogo" Mafia.

Kijana_wa_Kunduchi #30
"Kidogo" ya muuzaji izidishe kwa ile 0.8 ya #5.

Mama_Boya #31
Jamani msimtie presha kijana wa watu. Kupanda mwamba sio lazima kuvunjika. Achukue taulo la karatasi akaushe kuzunguka boliti za mkuku, apake unga wa mtoto, asafiri, ukirudi unga umelowa wapi ndipo hapo. Mimi nilishaona fundi anafanya hivyo kwa boti ya mume wangu, unga ulilowa kuzunguka shafti ya injini, kumbe pakingi, ile ya kuzuia maji pale shafti inapotokea nje.

FundiWaya #32
Na pakingi nayo ni swali zuri. Mleta uzi unaporudi unapiga bisho (kwenda dhidi ya upepo) kwa tanga tupu au unawasha na injini?

MpigaBisho #33
Nasaidia na injini, la sivyo mkondo unanirudisha nyuma. Kwenda ni tanga tupu.

FundiWaya #34
Ahaa! Mambo mawili yamebadilika kwa mpigo, kulala na injini. Pakingi ya shafti inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, ikisimama ikauke. Ikilegea inamwaga, na inamwaga injini ikiwaka tu. Na harufu ya dizeli inatoka huko huko chini ya injini. Pampu ya maji ya kupoozea nayo, sili ikichoka inamwagia ngamani kila mzunguko. Siku moja rudi na injini bila tanga, chombo kimesimama wima, uangalie.

Deki_Chafu #35
Harufu ya dizeli haina ushahidi wowote, ngama gani haina dizeli.

Binti_wa_Nungwi #36
Na chumvi nayo, nikijirekebisha mwenyewe kabla hamjanivaa. Ngama iliyowahi kuingia maji ya bahari ina chumvi iliyokauka pembeni, ukimwaga maji ya bomba pale ukayaonja yatakuwa ya chumvi. Tenki la maji safi liko wapi?

MpigaBisho #37
Chini ya kiti cha kulia...

Kijana_wa_Kunduchi #38
Kila kitu cha huyu jamaa kiko kulia.

Binti_wa_Nungwi #39
Kwa hiyo likiwa na ufa juu, ukilala linamwaga. Ukifika bandarini pima tenki limepungua kiasi gani. Au tia rangi ya chakula nyekundu, ngama ikija pinki umeokoa hela ya fundi.

Bajuni_Halisi #40
Sasa ndiyo mnaongea. Washukiwa mumewafikisha wangapi? Pampu yenyewe, sinki, mshono, mkuku, pakingi, tenki. Na hakuna hata mmoja anayetibiwa na pampu kubwa.

HesabuZaMaji #41
Mzee wangu kwa heshima napinga. Maji ya safari ya kawaida sawa, atafute chanzo. Lakini alichouliza #1 ni siku ya balaa. Pampu ndogo inatoa kwa kweli lita 40 kwa dakika, tundu linaingiza 140, tani moja kwa dakika kumi. Pampu kubwa iliyofungwa vizuri itoe 130 mpaka 150, unakuwa karibu sare, na maji yakishapanda ndani juu ya tundu, kasi ya kuingia inapungua maana tofauti ya kina imepungua. Sare ndiyo inakupa muda wa kuweka kabari ya mbao. Bila huo muda unatafuta tundu ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini, hulioni.

Nahodha_Muscat #42
Huo muda ataupata zaidi kwa kengele. Watu wengi wanajua kuna maji wakiona mbao za sakafu zimeelea, hapo umeshachelewa dakika nyingi. Mimi nafunga pampu mbili, ndogo chini kabisa na mpira mwembamba kwa matone ya kila siku, kubwa juu yake kiganja kimoja na nusu na floti yake, fyuzi yake, mpira wake, na floti ya juu inawasha king'ora. Kubwa ikiwaka tu unajua hii siyo matone. Na kila bomba la chini lina kabari ya mbao laini imefungwa kwa kamba pale pale, siyo kwenye droo.

Toronto_Mswahili #43
Kuna na ile ya kuchomoa bomba la kunyonyea la injini ukalitumbukiza ngamani, injini inanyonya maji yanayokuzamisha. Niliisoma sehemu.

FundiWaya #44
Kwa injini ndogo kama ya yoti hii haifiki hata nusu ya hiyo 1100 kwenye karatasi, halafu ikinyonya mfuko wa plastiki au tambara, impela (panga la pampu ya kupoozea injini) inaungua, injini inachemka, alteneta inasimama, pampu za umeme zinakufa. Umebadilisha tatizo moja kwa matatu. Labda uwe na chujio zuri na mtu wa kusimama hapo kutoa takataka.

Kijana_wa_Kunduchi #45
Ndoo jamani. Mbona hakuna mtu anayeiheshimu ndoo.

Mzamivu_Mstaafu #46
Inaheshimiwa. Kanuni za World Sailing za mashindano ya bahari kuu zinataka ndoo mbili imara, kila moja lita 9 au zaidi, na ziwe na kamba, juu ya pampu za mkono. Ndoo ya lita 9 ukinyanyua mara kumi na mbili kwa dakika ni lita 108, unaipita 3700 ya waya nyembamba.

Mama_Boya #47
Mara kumi na mbili kwa dakika ngapi? Ndani ya yoti unainama, unanyanyua mpaka mlangoni, chombo kinayumba, nusu inakurudia kichwani. Nawaambia dakika kumi umekwisha. Dumu la mzee #11 ndiyo saizi ya binadamu.

Bajuni_Halisi #48
Ahsante mama.

MpigaBisho #49
Wakuu nimerudi na matokeo, samahani kwa kimya. Nimefanya ya #17, mpira laini, nimeupandisha mpaka chini ya deki na kitundu cha hewa, tundu la nje nimelihamishia juu. Valvu ya sinki nilifunga. Nikaja nayo kutoka Unguja juzi, kusi ilikuwa ya nguvu kiasi, tanga limepunguzwa. Maji yamepungua sana lakini hayajaisha, kama ndoo mbili safari nzima. Pampu haijawaka hovyo. Unga wa mtoto ulilowa kote kwa hiyo haujaniambia kitu. Tenki nilitia rangi, ngama haikuwa pinki ila ilikuwa na rangi ya chai.

Binti_wa_Nungwi #50
Nilisema!

Nahodha_Muscat #51
Umesema nini, amefunga na sinki siku hiyo hiyo. Nani ajue ni lipi limepunguza.

Deki_Chafu #52
Na ndoo mbili zilizobaki ni mshono wa deki, nasimamia hapo. Ulilala mpaka ukingo ukaoga?

MpigaBisho #53
Mara chache kwenye mawimbi makubwa.

Mzamivu_Mstaafu #54
Rangi ya chai inanisumbua mimi. Kutu. Boliti za mkuku au mbao za ndani ya taruma zimelowa. Injini uliwasha?

MpigaBisho #55
Niliwasha lisaa la mwisho tu kuingia Msasani. Pakingi nilichungulia na tochi, inadondosha, sikuhesabu. Nimepanga kuipandisha pwani bamvua (maji makubwa) inayokuja niangalie mkuku kwa nje.

Bajuni_Halisi #56
Mkuku wa yoti ni mwembamba na mrefu, haulali mchangani kama mashua. Utaiegemeza na nini?

MpigaBisho #57
Kuna nguzo za zamani pale karibu, watu wanafunga hapo maji yakitoka.

Bajuni_Halisi #58
Pima kina kwanza na chini pakoje, pakiwa na jiwe moja tu chini ya mkuku ndiyo mtajibu swali lenu la boliti. Fungia mlingoti kamba kwenye nguzo, na omo (mbele) iwe chini kidogo kuliko tezi (nyuma). Na uwe na watu wawili, usiende peke yako.

Galoni_Tano #59
Sasa 1100 abaki nayo au anunue?

FundiWaya #60
Abaki nayo chini, aongeze 2000 juu na waya ya milimita 6. Achana na 3700, alteneta ya injini yake haitapenda.

HesabuZaMaji #61
3700. Alteneta atabadilisha.

Mzee_wa_Kirumba #62
Habari wakuu, nimefuata uzi wote tangu jana. Mimi niko Mwanza, nina boti ya tanga ya mbao, inaingiza maji ikilalia kushoto. Sasa hiyo ya kuonja, sisi ziwa letu halina chumvi, tenki halina chumvi, mvua haina chumvi. Naonja nini?

Kijana_wa_Kunduchi #63
Onja samaki mkuu, ukipata sangara ngamani basi tundu ni kubwa.

Binti_wa_Nungwi #64
Rangi ya chakula kwenye tenki, na utuambie tundu la pampu yako liko upande gani.